Jirani Aliyekuja Kumenya Muhogo

Ukatibu wa kikundi nilipewa kwa sababu moja tu: kati ya wanawake watano tuliokuwa tunasindika muhogo pale Kitahana, mimi peke yangu nilifika kidato cha nne. Nimesema nilifika, sikusema nilifaulu. Lakini kijijini ukishavaa sketi ya sekondari, kila karatasi inayopita inaletwa kwako, na ukisema hujaielewa watu wanadhani unaringa. Basi nikajifunza kutosema sijaelewa. Kasoro hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye aibu ninayoieleza hapa, na sitaki mtu anipe pole nikimaliza.

Kazi yetu tuliifanya kwa mikono. Tunang'oa, tunamenya, tunaloweka, tunaanika kwenye turubai, kisha tunapeleka kusaga. Kiangazi hakina shida. Mvua zikianza ndipo tunapolia, kwa sababu muhogo ulioanikwa asubuhi mchana unaoga, na unga wake unatoka na weusi na harufu ambayo hata mtu mwenye mafua ataijua. Tulichokuwa tunakitamani ni mashine ya kukwangua muhogo na kuukamua maji, maana uliokamuliwa hukauka upesi hata jua likiwa la kubahatisha.

Unga wetu ulikuwa unanunuliwa na mwenye duka mmoja Kasulu mjini, mzee wa Kiislamu ambaye mama yake alitoka Bagamoyo na yeye hakuacha mtu asahau. Aliwauzia watu wa mjini na wachuuzi wanaopeleka Nyarugusu, kambini, ambako Wakongo hawana mchezo na unga wa muhogo. Siku moja katikati ya masika alinirudishia mifuko yangu mbele ya wateja. Hakunikaripia. Alinikalisha kwenye benchi, akaniagizia chai ya tangawizi, jambo ambalo lilinitia uchungu zaidi kuliko kukaripiwa.

"Dada yangu, unga huu siwezi kumuuzia mja wa Mungu," alisema. "Kwa nini hamuombi ule mkopo wa halmashauri? Ule wa asilimia kumi ya mapato yao. Hauna riba. Mke wangu na wenzake wamepata, wameshanunua cherehani."

Nikamwambia tutaomba.

"Subiri. Usikurupuke. Nenda kwanza kwa afisa maendeleo wa kata yenu, ukae naye kitako, umuulize sharti moja baada ya jingine: hili tunalo, hili hatuna, hili kwetu likoje? Ujue kama mnastahili kabla hujaomba. Wengi wanaomba tu kwa pupa, wanarudishwa, halafu wanabaki kuitukana serikali."

Nilimwambia nimemwelewa. Na kweli nilimwelewa.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya kata. Afisa maendeleo alikuwa dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Mlango wake ulikuwa wazi na alikuwa peke yake. Sikuingia. Masharti yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo nje, nami si nimesoma? Nikasimama pale, nikafuata mistari kwa kidole. Kikundi kisipungue watu watano. Tuko watano. Kiwe kimesajiliwa. Kimesajiliwa. Kiwe na akaunti benki. Ipo. Wanakikundi wasiwe waajiriwa. Nikacheka peke yangu. Wanakikundi wawe raia wa Tanzania.

Hapo kidole kikasimama.

Mimi ni raia. Nimezaliwa Kitahana, baba yangu ni wa Kitahana, kaburi lake liko nyuma ya nyumba tunayoishi, na kitambulisho cha taifa ninacho. Ila mama yangu alitoka ng'ambo. Aliolewa akiwa binti mdogo, akaja kwa miguu na ngoma za harusi, kutoka vilima vya Burundi ambavyo ukipanda juu kidogo huku kwetu unaviona. Enzi hizo watu walioana kuvuka mpaka kama wanavyooana kuvuka mto. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja, na baada ya miaka yote hiyo hata yeye mwenyewe hajui tena lipi ni neno la kwao na lipi la kwetu. Hakuna jirani aliyemsumbua, isipokuwa pale watu wanapogombana kisimani na mmoja wao kukosa tusi jingine. Lakini karatasi hana. Na vimekuja vipindi, zaidi ya kimoja, vya wageni kusakwa na kurudishwa kwao, na katika vipindi hivyo nilimwona mama akihamia kibanda cha shambani na kulala huko mpaka mambo yatulie. Nilikulia katika kumbukumbu hiyo. Mtoto aliyewahi kumpelekea mama yake chakula mafichoni hawezi kusoma neno "raia" kwa utulivu.

Mtu wa mahali pengine angeingia ofisini akauliza: samahani, mimi nina kitambulisho, ila mama yangu alizaliwa Burundi, je, nastahili? Swali la dakika moja. Lakini huku kwetu swali la namna hiyo haliulizwi, kwa kuwa anayeuliza ndiye anayeanza kuulizwa. Kwa nini unataka kujua? Huyo mama yuko wapi? Alikuja lini? Tumezoea kukaa kimya mpaka ukimya umekuwa tabia ya kaya nzima. Nikajibu swali mwenyewe, palepale ubaoni, na nikalijibu vibaya. Nikajiambia kwamba mama akijulikana, nimekosa sifa. Na mimi nikikosa sifa, kikundi kinabaki na wanne, na wanne hawapewi mashine.

Inabidi niseme jinsi tulivyokuwa tunaishi. Nyumba haikuwa yangu. Nilirudi kwa wazazi ndoa iliponishinda, baba akiwa bado hai, na baba alipofariki nikabaki na mama. Kaka zangu walishatawanyika, mmoja Kahama, mwingine Dar es Salaam, na mimi ndiye binti pekee. Nyumba ile mama aliikandika kwa mikono yake. Kila udongo uliomeguka aliurudishia yeye. Tulipoanzisha kikundi, uwanja tulioutumia ulikuwa wa kwake, na ingawa hakuwa mwanakikundi, kila siku alikaa nasi akimenya. Hakuna kati yetu aliyemfikia. Sisi tulikuwa tunachonga, yeye alikuwa anavua ganda kama mtu anayemvua mtoto shati.

Jioni ile mwenyekiti wetu alikuja kuuliza nimefikia wapi. Tulisimama nyuma ya jiko. Nilimweleza masharti moja baada ya jingine, tukafika kwenye uraia, naye akaniambia hilo halina neno, sote tuna vitambulisho.

"Nyinyi hamna neno," nilisema. "Mwenzenu nina tatizo nyumbani."

Akaelewa. Akageuza macho upande wa jikoni, kisha akayarudisha haraka. Ukuta wa jiko letu ni wa matete, unapitisha moshi na kila kitu. Mama alikuwa ndani anachambua maharage, na nilisikia mkono wake ukisimama kwenye ungo, halafu ukaendelea. Wakati wa kula aliniuliza mashine hiyo inafanyaje kazi. Nikamweleza kwa kirefu, kwa furaha ya bandia, nikajipa moyo kwamba hakusikia.

Tukaomba. Baada ya muda tukaambiwa watakuja kutuhakiki.

Siku hiyo walikuja na gari la halmashauri: yule dada wa Tanga, kijana mmoja kutoka wilayani na dereva. Wote wageni katika eneo letu, hakuna aliyezijua kaya zetu. Sisi watano tulikuwa tumevaa vitenge vya sare na tumekaa kwa mpangilio, na mama alikuwa pembeni kwenye kigoda chake akimenya kama kawaida. Sikuwa nimemwambia aondoke. Nilifikiria kumwambia, nikashindwa, nikalala nikijisifu kwa kushindwa huko, kama vile ni wema.

Dada akatusalimia mmoja mmoja, akahesabu, akamwona wa sita.

"Shikamoo bibi. Na huyu naye ni mwanakikundi?"

Nilifungua mdomo. Ningependa kuandika hapa kwamba nilitaka kusema ni mama yangu, lakini sijui nilitaka kusema nini. Mama aliniwahi.

"Marahaba, mwana wanje. Aa, mimi ni jirani tu. Nimekuja kuwasaidia kumenya."

Alisema kwa sauti nyepesi, akimwita mwanangu kwa Kiha chetu, huku anacheka kidogo, na mkono haukusimama. Wenzangu wanne waliangalia chini. Wote wamekula kwake. Mmoja wao alizalishwa na yeye, katika nyumba ileile, usiku ambao hospitali ilikuwa mbali na pikipiki hazikuwepo.

"Mna bahati ya majirani," dada alisema. "Unakaa wapi, bibi?"

Mama akaonyesha kwa kidevu, upande wa migombani. "Huko chini."

Kisha akafuta mikono, akakunja kitenge chake, akasimama taratibu kwa sababu ya magoti. Akanigeukia mimi, mtoto wake, na kuniambia kwa adabu yote ambayo mgeni humwachia mwenyeji wake, "Haya, mwenye nyumba, mimi naenda. Nikapike."

Nami nikajibu. Ningeweza kunyamaza, kunyamaza tunakujua sana, lakini nilijibu.

"Haya, jirani. Asante."

Akashuka migombani. Wale wageni hawakuwa na haraka. Walitaka kuona tunavyoloweka, tunavyoanika, walitaka kuona akiba ya unga, wakapiga picha, wakala muhogo wa kuchoma na wakausifu. Nilieleza vizuri sana. Maneno yalikuwa yananitoka kama ya mtu wa redioni. Wingu likaja, likamwaga mvua fupi ya kuudhi, tukakimbilia barazani sote, na dada akasema anapenda nyumba yetu ilivyotunzwa. Nilimshukuru.

Gari lilipoondoka nikakimbia migombani. Mama alikuwa amekaa juu ya shina la mgomba ulioanguka, jani moja kichwani, kitenge kimelowa mabegani. Hakuwa na pa kwenda. Huko chini alikoonyesha hakuna nyumba, kuna bonde na mfereji. Nilisimama mbele yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, si ya kuonwa na watu, bali ya kuonwa na mtu mmoja ambaye alikuwa amenisamehe kabla sijaomba.

"Wamekubali?" aliniuliza.

Walikubali. Tulipata barua ya kuitwa kwenye mafunzo Kibondo mjini, vikundi vya kata nyingi kwa pamoja, katika ukumbi ambao viti vyake vya plastiki vilikuwa vimeshikana na jasho la watu. Dada wa Tanga akasimama mbele kusoma masharti upya, taratibu, sharti moja baada ya jingine, kama yule mzee wa Kasulu alivyotaka mimi nifanye. Alipofika kwenye uraia, mwanamke mmoja katikati ya ukumbi akanyoosha mkono. Alitokea Gwarama, akaolewa Kibondo. Alikuwa na sauti ya mtu anayeuza sokoni.

"Mimi mama mkwe wangu ni Mrundi. Nakaa naye, namlisha, namwogesha. Nimeshazuiwa au bado?"

Nilishika kiti.

"Hujazuiwa, mama," dada alisema, na nikaona kwamba swali halikumshtua hata kidogo. "Sisi tunahakiki mwanakikundi. Wewe una kitambulisho chako?"

"Ninacho."

"Basi. Si mume wako, si mkwe wako, si mama yako, si bibi yako. Wao hawakopi. Unayekopa ni wewe. Mtu akiwa na wasiwasi aje aniulize, mlango wangu uko wazi."

Watu wakacheka. Si kicheko cha mzaha. Kilikuwa cha watu wengi kushusha pumzi mara moja, na nikajua kwamba ukumbi ule ulikuwa umejaa wenye mama wa ng'ambo, wake wa ng'ambo, babu wa ng'ambo. Mwenyekiti wetu alinigusa goti. Nikamsukuma mkono. Nilikuwa na hasira na yule mwanamke wa Gwarama kwa kuuliza kirahisi vile, hasira na dada kwa kujibu kirahisi zaidi, na nilijua fika kwamba hakuna hata mmoja wao aliyenikosea. Sadaka niliyoitoa, ya kumkana mama yangu, haikuwa imeombwa na mtu.

Nilirudi nyumbani nikamwambia. Sikumzungusha. Nilimwambia masharti hayamhusu, hayakuwahi kumhusu, ni mimi tu sikuuliza. Nilipiga magoti kumwambia, kama tunavyopiga magoti kumsalimu mkubwa, ila sikuinuka. Alisikiliza mpaka mwisho huku anakoroga mboga.

"Sawa," alisema. "Lakini tumeshasema."

"Tutasema upya, mama. Nitaenda ofisini mimi mwenyewe."

"Utaenda kusema nini? Kwamba siku ile mlidanganya?" Akaonja chumvi. "Huyo dada ni mtu mzuri. Watu wazuri wanahamishwa. Akija mwingine atakuja na maswali yake. Na mashine si yako peke yako, ni ya watu watano. Wewe acha tu, mwana wanje. Kwani jirani ni tusi?"

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba hakuwa amekosea sana.

Ukaanza mtindo ambao sikuuagiza na sikuweza kuuzuia. Akifika mtu tusiyemjua, fundi wa umeme, mtu wa benki, mnunuzi kutoka Kasulu, mama anatoka kwa mlango wa nyuma, anazunguka nyumba, anakuja mbele na kupiga hodi. Anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Inabidi nimkaribishe. Anakaa kwenye ncha ya kiti, kama watu wanavyokaa kwa wenzao, na akipewa chai anashukuru. Wageni wakiondoka anarudi kuwa mama, ananifokea kwa kuacha sufuria chafu. Mara ya kwanza nilimwambia aache, akacheka. Baadaye nikamwambia kwa ukali, lakini mgeni mwingine alipofika mama akapiga hodi vilevile. Jioni hiyo nililia chooni kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kulilia ambapo asingekuja kuniuliza nina nini.

Mashine ilikuja imefungwa kamba juu ya lori. Kijiji kizima kilijaa uwanjani. Dada wa Tanga alikuja kutukabidhi pamoja na wakubwa zake wawili kutoka wilayani, na mwenyekiti akasema mimi kama katibu nitoe neno la shukrani. Nilikuwa nimeliandaa. Nikashukuru halmashauri, nikashukuru kata, nikashukuru wenzangu. Halafu nikaacha nilichoandaa. Mama alikuwa amesimama pembeni kabisa, nyuma ya wanawake wa mtaa wa pili, mahali pa mtu aliyekuja kutazama.

"Kuna mtu mmoja sikumtambulisha mlipokuja kutuhakiki," nilisema. "Uwanja huu ni wake. Nyumba hii ni yake. Yule bibi pale ni mama yangu mzazi."

Watu wakageuka. Nilikuwa nimewaza siku nyingi itakavyokuwa baada ya sentensi hiyo. Nilidhani kitu kingefunguka kifuani. Dada akatazama kule, akatabasamu, akamnyooshea mkono asogee mbele.

"Kumbe! Ni kweli, bibi? Huyu ni binti yako?"

Mama hakusogea. Aliwatazama wale wakubwa wawili wa wilayani, mmoja baada ya mwingine, mashati yao na viatu vyao. Akaitazama mashine. Akawatazama wenzangu wanne waliokuwa wameishika kwa viganja kana kwamba ingekimbia. Mimi aliniangalia mwisho, kidogo tu, na niliona kwenye uso wake woga uleule wa kibanda cha shambani, ila safari hii haukuwa kwa ajili yake.

"Msimsikilize," alisema, akacheka kile kicheko chake chepesi. "Ana adabu sana huyu, anatuheshimu sisi wazee. Mimi Mungu hakunijalia mtoto wa kike."

Wageni wakacheka pamoja naye, mmoja wa wale wakubwa akasema hivyo ndivyo vijana wanavyotakiwa kuwa, na mwenyekiti wetu, anayejua kila kitu, akaanza kupiga makofi.